Mkanda wa alteneta ukiteleza kwenye Volkswagen Beetle: jinsi ya kuubadilisha mwenyewe

Beetle ya zamani, ile yenye injini nyuma, haina rejeta, haina maji, na dashibodi yake haina mshale wa joto. Injini inapozwa na feni iliyofichwa ndani ya boma la bati, na feni hiyo imefungwa kwenye shafti ileile ya alteneta, mtambo unaochaji betri. Mkanda mmoja unatoka chini kwenye puli ya kranki, yaani shafti kuu ya injini, unapanda hadi kwenye puli ya alteneta juu, na unazungusha alteneta na feni kwa pamoja. Kwa hiyo mkanda ukiteleza au ukichomoka, chaji inakatika na upepo wa kupozea unakatika palepale. Oili nayo inapanda joto, maana kipoza oili kimekaa kwenye njia ya upepo wa feni hiyohiyo. Kitu pekee kitakachokuambia ni ile taa nyekundu ya chaji.

Hilo ndilo ningependa kila mwenye Beetle alijue kabla hajashika spana. Kwenye gari hii taa ya chaji ndiyo taa ya joto. Ikiwaka njiani, toka barabarani na uzime injini hapohapo. Usijipe moyo kwamba kituo cha mafuta kiko mbele kidogo. Bila feni, silinda na vichwa vya injini vinapanda joto ndani ya dakika chache, oili inakuwa nyepesi kama maji, na kinachofuata ni pistoni kung'ang'ania. Mkanda ni kipuri cha bei ndogo, lakini injini inayosukwa upya ni mshahara wa miezi.

Ndiyo maana balbu ya taa hiyo ni lazima iwe hai. Kila unapofungua switchi kabla ya kuwasha injini, itazame: inatakiwa iwake, kisha izime injini ikishika. Kama haiwaki kabisa, ibadilishe leo. Kwenye gari zenye alteneta kuna sababu ya ziada, kwani umeme unaopita kwenye balbu ile ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji.

Taa imewaka: angalia mkanda kwanza

Simama, zima injini, fungua boneti ya nyuma. Kama mkanda haupo, au umelala chini ya puli, jibu umeshalipata. Kama upo, ubonyeze kwa kidole gumba katikati, kati ya puli ya juu na ya chini. Ukizama sana, au ukiweza kuitelezesha puli ya juu kwa mkono huku mkanda umetulia, unateleza. Kama upo na umekaza vizuri, basi feni ilikuwa inazunguka, na tatizo ni la umeme: brashi za alteneta, regyuleta, au waya uliolegea. Hapo unaweza kuendesha taratibu hadi kwa fundi umeme kwa kutegemea betri, huku umezima redio na taa zisizo za lazima.

Mara nyingi mkanda hutoa taarifa mapema. Husikika ukilia asubuhi unapokanyaga mafuta, hasa taa kubwa zikiwa zimewashwa, kwa sababu alteneta inayochaji kwa nguvu ni nzito kuzungusha. Taa ya chaji huwaka kwa unyonge na kupotea. Ukichungulia karibu na puli utakuta vumbi jeusi la mpira limetanda kwenye bati. Ukiutazama mkanda wenyewe, zile kuta zake mbili za ubavuni zitakuwa zinang'aa, ilhali za mkanda usio na tatizo huwa na rangi iliyofifia. Mkanda uliong'aa umeungua kwa kusuguana. Kuukaza zaidi kutakusaidia kwa muda tu.

Neno moja kuhusu sabuni. Wapo wanaopaka kipande cha sabuni au mshumaa kwenye mkanda unaolia ili unyamaze. Unanyamaza kweli, lakini unazidi kuteleza, na sasa huna hata sauti ya kukuonya. Nawaomba tuache. Soksi ndefu za nailoni zinazosimuliwa kila mahali nazo sizipendekezi: fundo halikai kwenye mfereji wa puli, na likifunguka injini ikizunguka kasi, kitambaa kinajisokota penye vyuma.

Mwongozo huu ni wa injini gani

Ninaeleza injini ya Beetle ya silinda nne, kuanzia 1200 hadi 1600, ambayo puli yake ya juu ni ya nusu mbili. Haijalishi kama yako ina dainamo ya zamani au alteneta iliyoanza kuwekwa miaka ya 1970. Kazi ni ileile. Kombi za zamani zenye injini ya namna hiyo nazo zimo.

Kombi za baadaye zenye injini ya 1700, 1800 au 2000 hazimo. Kwenye hizo feni imefungwa moja kwa moja kwenye kranki, mkanda unazungusha alteneta peke yake, na unakazwa kwa kulegeza boliti na kuisogeza alteneta, kama kwenye gari nyingine. Mkanda ukikatika kwenye Kombi ya namna hiyo, injini inaendelea kupozwa na unaweza kufika nyumbani. Kabla hujaiga ushauri wa jirani mwenye Kombi, mwulize ana injini ipi.

Vifaa

Unahitaji spana ya ringi au soketi ya namba 21 yenye mpini mrefu, na bisibisi bapa refu na imara. Kifaa cha kufungulia plagi kilichokuja na gari kinaingia kwenye nati hiyohiyo, na hiyo si bahati: waliobuni gari walitaka dereva aweze kubadilisha mkanda kando ya barabara bila kumsubiri fundi. Ongeza kitambaa kikavu, na spana ndogo ya vituo vya betri.

Mkanda mpya ununue kwa kusoma namba zilizochapwa mgongoni mwa ule wa zamani: upana kwanza, kisha urefu, vyote kwa milimita. Mikanda ya Beetle huwa na urefu wa milimita mia tisa na kitu. Usikubali muuzaji akupimie kwa macho. Mwembamba kupita kiasi unazama chini ya mfereji na kuteleza hata ukikazwa vipi. Mpana unapanda juu ya ukingo. Kama ule wa zamani umepotea njiani au namba zimefutika, mwambie muuzaji mwaka wa gari, ukubwa wa injini, na kama ina dainamo au alteneta. Beetle ya mwisho ya aina hii ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, na mikanda yake bado inatengenezwa, kwa hiyo huna sababu ya kufunga wa mashine ya kusaga.

Elewa shimu kabla ya kufungua

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, hata mafundi waliozoea gari za Kijapani. Alteneta ya Beetle haisogei. Imefungwa kwa ukanda wa chuma juu ya kiti chake na mahali pake ni palepale. Kinachobadilika ni upana wa mfereji wa puli.

Puli ya juu ni sahani mbili zinazotazamana. Nusu ya ndani inabaki kwenye shafti. Nusu ya nje inatoka ukifungua nati. Katikati yake kuna shimu, yaani washa nyembamba za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Shimu zikiwa nyingi katikati, nusu mbili zinakaa mbalimbali, mfereji unapanuka, mkanda unazama karibu na shafti na kulegea. Ukitoa shimu, nusu zinasogeleana, mkanda unasukumwa nje kuelekea ukingoni, na unakaza.

Kumbuka hivi basi: kutoa shimu katikati ni kukaza, kuongeza ni kulegeza. Na shimu unayoitoa katikati haiendi mfukoni. Inahamia nje, kati ya nusu ya nje na kile kikombe kilicho chini ya nati. Zote hubaki kwenye shafti wakati wote, kwa sababu mbili: nati inahitaji ule unene ili ibane sawasawa, na siku ukifunga mkanda mpya utazihitaji tena. Beetle nyingi zimepitia mikono iliyotupa shimu, na mwenye gari hugundua siku mkanda mpya unapogoma kuingia.

Kufungua

Acha injini ipoe. Bomba la moshi liko chini ya mikono yako na halisamehe. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka gia huru, toa ufunguo kwenye switchi. Kisha ondoa waya wa hasi wa betri. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Ukimaliza kazi, hakikisha kifuniko chake kimerudi, maana springi za kiti zikigusa vituo vya betri mtu mzito akikaa, kiti kinaweza kushika moto. Wenye gari hizi wanalijua jambo hilo, lakini mara nyingi vifuniko ndivyo vya kwanza kupotea.

Sasa tazama ukingo wa nusu ya ndani ya puli ya juu. Kuna pengo dogo lililokatwa makusudi. Zungusha puli kwa mkono hadi pengo lielekee juu, ingiza ncha ya bisibisi, na uegemeze shina lake kwenye kichwa cha boliti ya juu ya dainamo au alteneta. Bisibisi ikae upande ambao puli itataka kukimbilia unapofungua. Weka spana ya 21 kwenye nati na ufungue kinyume cha saa ukiwa umesimama nyuma ya gari. Nati ina uzi wa kawaida. Vuta kwa mkono mmoja ulionyooka, mwingine ushike bisibisi isichomoke, kwa sababu ikiteleza vidole vinaishia kwenye bati lenye makali.

Nati ikitoka, toa kile kikombe, kisha shimu za nje, kisha nusu ya nje ya puli, kisha shimu za katikati. Zihesabu na uziweke kwenye kitambaa katika mafungu mawili, la nje na la katikati. Shimu zilizoloa oili hushikana mbili mbili ukadhani ni moja. Pitisha ukucha ukingoni utazigundua. Angalia pia ile kii ndogo ya nusu mwezi kwenye shafti, iliyoishikilia nusu ya ndani. Mara nyingi haitoki. Ikidondoka, usiendelee hadi uipate.

Toa mkanda wa zamani kwenye puli ya chini.

Kabla mpya haujaingia

Huu ndio wakati mzuri kuliko wote wa kuisikiliza alteneta, na wengi wanaupita. Bila mkanda, izungushe shafti kwa vidole taratibu. Inatakiwa izunguke laini na feni iendelee kidogo baada ya kuachia. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga, beringi zinakwisha. Ukisikia bati likigongwa, feni inagusa boma lake. Shika ncha ya shafti na uitikise juu na chini, isicheze. Beringi iliyochoka huzuia mkanda mpya kama ilivyouzuia ule wa kwanza, na mara nyingi kilichoiua ni mtu aliyekuwa akikaza mkanda kupita kiasi.

Futa mifereji ya puli zote mbili. Tafuta kutu, ukingo uliokatika, au ufa. Kuta za mfereji zinatakiwa ziwe zimenyooka. Zikiwa zimechimbika, kila mkanda utakaofunga utaliwa upesi.

Kisha chunguza oili. Kama mkanda wa zamani ulikuwa umeloa, jiulize oili imetoka wapi. Chanzo chepesi ni mdomo wa kujazia oili, uliopo hapo jirani na alteneta: mtu akimwaga kidogo anapojaza, inatiririka hadi kwenye mkanda. Kizito zaidi ni puli ya kranki. Kiwandani, ncha ile ya injini haikuwekewa sili ya mpira. Kuna uzi uliochongwa kwenye puli unaoirudisha oili ndani inapozunguka. Injini ikiwa nzima, unatosha. Ringi za pistoni zikichoka, moshi unashuka ndani ya injini, msukumo unapanda, na oili inatupwa nje kuzunguka puli hadi kwenye mkanda. Ukiona duara la oili kwenye bati nyuma ya puli ya chini, funga mkanda mpya, lakini ujue hautadumu hadi kiini cha tatizo kitibiwe. Puli safisha kwa kitambaa chenye maji na sabuni na uikaushe kabisa. Mkanda ulioloa usiuoshe ili kuurudisha. Mpira umeshainywa ile oili.

Kufunga na kukaza

Mkanda mpya bado haujavutika, kwa hiyo ni mfupi kuliko uliouondoa. Anza na shimu nyingi katikati kuliko zilizokuwepo. Zungushia mkanda kwenye puli ya chini, kisha uulaze kwenye nusu ya ndani ya puli ya juu. Panga shimu za katikati, weka nusu ya nje, weka shimu zilizobaki, kikombe, na nati kwa mkono. Usiuchokonoe mkanda kwa bisibisi ili uingie kwa nguvu. Nyuzi za ndani zinakatika bila wewe kuona, na mkanda unakatika baada ya wiki. Kama hauingii, ongeza shimu.

Sasa jambo ambalo ndilo tofauti ya mkanda unaodumu na unaolegea kesho yake. Ukikaza nati moja kwa moja hadi mwisho, nusu mbili zinaubana mkanda katikati kabla haujapanda mahali pake. Unaonekana umekaza, injini ikizunguka mara chache unapanda, na ghafla umelegea. Basi kaza kidogo, toa bisibisi, izungushe injini kwa spana kuelekea upande wa saa mizunguko miwili mitatu, uone mkanda ukitambaa kupanda mferejini. Rudisha bisibisi kwenye pengo, safari hii upande wa pili wa boliti, na ukaze tena. Rudia hadi nusu mbili zimebana shimu na nati imefika mwisho. Kwa mwenye spana ya kupimia nguvu, lenga kati ya Nm 55 na 65. Asiye nayo akaze kwa nguvu ya mkono mmoja kwa spana ya kawaida, bila kuongezea bomba.

Pima. Bonyeza kwa gumba, kwa nguvu ya kawaida, katikati ya puli mbili. Mkanda uzame karibu milimita 15. Ukizama zaidi, fungua, hamisha shimu moja kutoka katikati kwenda nje, funga, zungusha, pima tena. Ukizama chini ya hapo, hamisha moja kutoka nje kuingia katikati. Moja moja, shimu mbili kwa pamoja mara nyingi hukupitisha kwenye kipimo. Utafungua na kufunga mara kadhaa na hakuna njia ya mkato. Kati ya kulegea kidogo na kukaza kidogo kuliko kipimo, wengi huchagua kukaza wakidhani ni salama. Mimi nasema fuata kipimo. Mkanda uliokazwa kama uzi wa gitaa unazila beringi za alteneta, na beringi hizo ndizo zinazobeba feni.

Iwapo umeondoa shimu zote katikati na mkanda bado unalegea, mkanda huo si wa saizi yako au umekwisha.

Kuwasha

Rudisha waya wa betri na kifuniko chake. Hakikisha hakuna spana wala kitambaa kilichobaki karibu na puli, kwa sababu feni huvuta hewa kwa nguvu na kitambaa kikinyonywa hadi kwenye mdomo wa boma, kinaziba upepo wote. Kunja mikono ya shati, funga nywele, toa leso au mkufu unaoning'inia. Washa. Taa ya chaji izime mara tu ukiongeza mafuta kidogo. Simama nyuma na utazame mkanda ukizunguka: ukae sawa bila kuyumba kushoto na kulia. Kuyumba ni dalili ya nusu ya nje iliyokaa upande au shimu iliyojikunja.

Iache injini ingurume dakika tano, zima, subiri, pima tena.

Kila mkanda mpya huvutika. Upime tena baada ya siku ya kwanza ya kuendesha, na tena baada ya wiki; karibu kila mara utahamisha shimu moja. Baada ya hapo, kuupima kila unapoangalia oili kunatosha. Kwenye buti la mbele weka mkanda wa akiba wa saizi sahihi, spana ya 21, bisibisi refu na tochi, vyote kwenye mfuko mmoja. Mkanda wa zamani, kama haujapasuka wala kuloa oili, uingie humo pia. Na kama kuna mtu mwingine anayeiendesha gari hiyo nyumbani, mwonyeshe ile taa nyekundu ilipo na umwambie ikiwaka afanye nini.